Moshi, Mbegu na Siku Tisini: Mwongozo kwa Mwanaume wa Tanga Anayetafuta Mtoto

Fundi mmoja wa kuchomelea mageti pale Makorora alikuja maabara na mfuko mweusi wa nailoni uliofungwa mafundo mawili. Nikaufungua. Ndani barafu tupu, na katikati ya barafu kikopo.

"Fundi, hii umeiweka kwenye barafu?"

"Ndiyo, daktari. Niliogopa itaoza njiani."

Mimi si daktari, ni mtu wa maabara, ila mjini kwetu kila mwenye koti jeupe huitwa hivyo na nimeshaacha kubisha. Alikuwa amekifunga kikopo kile kama mtu anayetoa vibua soko la samaki la Deep Sea. Niliweka tone kwenye hadubini kwa heshima tu, maana alikuwa amesimama palepale ananitazama. Mbegu zote zilikuwa zimelala. Baridi huziondolea mwendo, kwa hiyo hapo hakuna mtu angeweza kumwambia kama ana tatizo au hana.

Alirudi baada ya siku nne, safari hii kwa utaratibu. Mbegu zilikuwa milioni tisa kwa kila mililita, na nyingi zilizunguka palepale kama mtumbwi unaopigwa kasia upande mmoja. Wakati huo mkewe alikuwa na miaka mitatu ya kuhangaishwa: vipimo, mizizi, makombe, maneno ya mawifi. Fundi mwenyewe hakuwa ameulizwa hata swali moja.

Naandika kwa ajili ya wanaume kama yule fundi, wanaoshinda kwenye moshi na vumbi na wanaotaka mtoto. Kitu kimoja kikae kichwani kabla hujasoma mbele: mbegu ya kiume haitengenezwi leo ikatoka leo. Huchukua siku 74 hivi kuumbika ndani ya korodani, kisha siku kadhaa hadi wiki mbili za kukomaa kwenye mrija wa juu yake. Jumla weka siku 90. Kinachoonekana kwenye kikopo leo ni habari za miezi mitatu iliyopita, na hewa unayovuta wiki hii utakuja kuisoma msimu mwingine wa upepo.

Hatua ya 1: Pima kwanza, na pima vizuri

Kama mmekutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na mimba haijaingia, ndipo inapoitwa shida ya uzazi. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, msingoje zaidi ya miezi sita. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 hupitia hali hii wakati fulani maishani, na karibu nusu ya ndoa zenye shida hiyo mume ana sehemu yake ndani. Kwa hiyo nendeni wawili. Ukimtanguliza mkeo peke yake, nusu ya kesi umeiacha nyumbani.

Utaratibu wa kikopo ndio unaoharibu vipimo vingi kuliko ugonjwa, kwa hiyo hapa nitakaa kidogo.

Kaa bila tendo la ndoa na bila kujichua kwa siku mbili hadi saba. Chini ya hapo idadi inakuwa ndogo kwa sababu hujajaza, na ukizidisha sana unaleta mbegu zilizochoka. Kikopo chukua maabara, kisafi na cha mdomo mpana. Cha asali hakifai hata ukichemshe. Usitumie sabuni, mafuta ya nazi wala mate. Kondomu ya dukani haifai, nyingi zina dawa inayodhuru mbegu. Tone la kwanza ndilo lenye mbegu nyingi zaidi, kwa hiyo likimwagika sema. Usione haya, maana ukinyamaza nitaandika majibu ya uongo bila kujua.

Ukitolea nyumbani, kiweke mfukoni au kwapani kibaki na joto la mwili, na kinifikie ndani ya nusu saa, isizidi saa moja. Mtu wa Pongwe asijaribu kutolea nyumbani halafu apande daladala inayosubiri kujaza abiria.

Wengi huniuliza suala la dini kwa sauti ya chini. Muulize sheikh wako, usiniulize mimi. Ninachoweza kusema ni kwamba mke anaruhusiwa kuja na kumsaidia mumewe chumbani, na zipo kondomu maalumu za kukusanyia zisizo na dawa, ulizia mapema. Usiache kupima kwa sababu hukuuliza.

Majibu yakitoka, linganisha na kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani katika toleo la 2021: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, jumla milioni 39, zinazokwenda mbele asilimia 30, zenye umbo sahihi asilimia 4. Hiyo asilimia 4 imewalaza watu macho. Ndugu yangu, hata mwanaume mwenye watoto saba mbegu zake nyingi zina kasoro ya umbo. Namba hizi zimetokana na wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na zinaonyesha walipoishia wale wa chini kabisa. Ukiwa chini yake hujawa tasa, na ukiwa juu yake hujapewa hati.

Rudia kipimo baada ya wiki kadhaa. Kimoja hakitoshi. Na kama uliugua malaria au homa kali ndani ya miezi mitatu iliyopita, taja, kwa sababu homa peke yake inaweza kushusha kila kitu.

Hatua ya 2: Usiusingizie moshi mambo ya wengine

Kabla hatujaulaumu moshi, daktari akushike na akukague. Vena zilizovimba juu ya korodani, ambazo wakati mwingine huonekana kama mfuko wa minyoo, ndizo sababu ya kawaida sana na zinatibika kwa upasuaji. Kisonono na klamidia ambazo hazikutibiwa huziba mirija. Matumbwitumbwi ya ukubwani huweza kupiga korodani. Na sisi wa pwani tuna busha: maji yale yanazipa korodani joto, wakati zenyewe zinataka kukaa nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili. (Na tafadhali, busha haliletwi na madafu. Linaletwa na minyoo inayosambazwa na mbu. Kunywa dafu lako kwa amani.)

Hatua ya 3: Elewa moshi unafikaje huko chini

Moshi, vumbi la barabarani na gesi za magari hubeba chembe laini zisizozidi mikroni 2.5 kwa upana. Unywele wa kichwani ni kama mikroni 70, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Chembe hizo hupita pua, hupita koo, hufika mwisho wa mapafu, na zilizo ndogo zaidi huingia kwenye damu. Damu hiyohiyo ndiyo inayokwenda korodani, na inabeba pia madini ya risasi na kadmiamu, pamoja na masizi yenye kemikali zinazovuruga homoni.

Mbegu ni dhaifu kwa hili kuliko seli nyingi za mwili. Ngozi yake imejaa mafuta yanayochacha kirahisi, na ndani haina nafasi ya kubeba vifaa vya kujitengeneza. Ikichachishwa, mkia unapoteza nguvu na vinasaba vya kichwani vinakatika.

Ushahidi wake haujaanza jana. Huko Teplice, Jamhuri ya Cheki, mji uliokuwa ukifunikwa na moshi wa makaa ya mawe kila majira ya baridi, wataalamu waliwapima vijana wa miaka 18 katika miaka ya 1990. Idadi ya mbegu haikushuka sana. Kilichoharibika ni mwendo, umbo na vinasaba, hasa baada ya vipindi vya moshi mzito. Italia nako, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwalinganisha wakata tiketi 85 wa vibanda vya ushuru wa barabara kuu na wanaume 85 wa eneo lilelile: waliokaa kwenye moshi wa magari mbegu zao zilikuwa na mwendo hafifu zaidi. Denmark, mwaka 2024, kumbukumbu za wanaume zaidi ya 526,000 zilionyesha walioishi penye chembe laini nyingi waligunduliwa kuwa na shida ya uzazi zaidi ya wenzao.

Huo ni uhusiano, si hukumu. Usitoke hapa ukasema moshi umekufanya tasa. Ila uone hili: kipimo changu cha kawaida huhesabu na kutazama mwendo, hakioni vinasaba vilivyokatika. Unaweza kuwa na milioni za kutosha na bado mimba zikawa zinaharibika.

Hatua ya 4: Andika moshi wako wa wiki moja

Chukua daftari la shule. Andika saa, mahali, moshi gani, dakika ngapi. Usiandike unachodhani, andika kilichotokea.

Yule fundi aliniletea lake. Alikuwa na hakika mchawi wake ni mashine ya kuchomelea. Tukasoma pamoja. Asubuhi, jiko la mkaa la mpangaji mwenzake ukumbini, mlango wa chumba wazi. Karakana, saa tano za kuchomelea kwa vipande. Jirani wa gereji akipuliza rangi gari alasiri. Sigara sita. Jioni, supu ya pweza, amesimama upande ambao moshi wa jiko unakwenda. Halafu usiku, mstari mmoja mfupi: "dawa ya mbu ya kuchoma, saa 3 hadi alfajiri, dirisha limefungwa."

Nikamwekea kidole pale. Watafiti waliopima dawa hizo za duara walikuta kipande kimoja kikiungua hadi mwisho hutoa chembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Alikuwa akilala nazo saa nane kila usiku, yeye na mkewe. Alicheka, kisha akanyamaza.

Hatua ya 5: Anza na chumba unacholala

Nyumbani ndiko unakoweza kuamua bila kumwomba tajiri ruhusa, na ndiko unakokaa saa nyingi.

Toa dawa ya mbu ya kuchoma, weka chandarua chenye dawa na wavu dirishani. Jiko la mkaa lisikae ukumbini. Nyumba zetu za Ngamiani zimejengwa ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kwa hiyo moshi wa uani hupita ukumbini kama abiria anayeshuka kituo kwa kituo. Pikeni uani, upande ambao upepo hauelekei mlangoni, na mlango wa uani ufungwe wakati wa kuwasha mkaa, maana kuwasha ndiko kunakotoa moshi mwingi. Mkaa usiachwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, huo unaua usiku mmoja. Mkiweza gesi, hata kwa chai ya asubuhi na kupasha tu, ni nafuu kubwa. Serikali imepanga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Wewe una siku tisini.

Sasa udi. Najua naingia pabaya, na mke wangu anasoma. Moshi wa udi na ubani nao ni chembe, harufu nzuri haizisafishi. Sisemi muache. Fukizeni nguo na shuka mapema, fungueni dirisha, kisha mlale chumba kikiwa kimebaki na harufu bila wingu.

Taka, hasa plastiki, zisichomwe alfajiri. Saa hizo umande, yaani upepo wa nchi kavu, unatoka bara taratibu na hewa imetulia, moshi unalala chini ya mabati mpaka upepo wa bahari uamke. Zisichomwe kabisa, ikiwezekana, ila naijua mitaa yangu.

Sigara na shisha: acha. Sina la kuongeza.

Hatua ya 6: Kazini

Mafundi wa kuchomelea wengi hujikinga macho, tena kwa miwani ya jua, wakasahau pua. Ile ngao nyeusi haichuji moshi. Fanya hivi: toa kichwa nje ya safu ya moshi, usiiname juu yake. Upepo uupokee ubavuni. Ukiupa mgongo, moshi unageuka na kukuzungukia kifuani, ukiukabili unakupiga usoni. Kwangua rangi na mabati yenye zinki kabla ya kuchomelea. Chuma cha stenlesi ndicho kibaya zaidi, moshi wake una kromu na nikeli. Vaa barakoa ya N95 chini ya ngao. Inazuia angalau asilimia 95 ya chembe, mradi ibane uso. Ndevu nyingi huiachia mwanya, na ile ya bluu ya hospitali haikusaidii hapa.

Mpuliza rangi, N95 haikutoshi, kwa sababu mvuke wa thina si chembe. Unahitaji barakoa yenye vichujio vya mkaa, na vina muda wake. Ukianza kusikia harufu ndani ya barakoa, kichujio kimekwisha.

Vumbi la mkonge, saruji na chokaa huloweshwa kabla ya kufagiwa. Mwaga maji kidogo, fagia, nawa, badilisha shati kabla ya kupanda boda kurudi nyumbani. Kama umeajiriwa, vifaa vya kujikinga si zawadi ya msimamizi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inavifanya kuwa jukumu la mwajiri, na wakala wa OSHA ndio unaosimamia.

Wavuvi na wanaowatengenezea vifaa, hili ni lenu. Kuyeyusha betri kuukuu za gari uani ili kumimina chubwi za kuzamishia nyavu na mishipi ni hatari kubwa kwa mbegu, na kwa watoto wanaocheza pale ni kubwa zaidi. Risasi iliyomo kwenye betri hujificha kwenye mifupa kwa miaka, haiondoki kwa siku 90 kama moshi wa jiko. Nunua chubwi zilizokwisha kumiminwa, au funga jiwe kama wazee walivyofunga.

Kwa muuza chipsi na mchoma mishikaki, shida ni mbili kwa pamoja, moshi na joto la kiunoni. Ngao ya bati mbele ya jiko inapunguza joto. Suruali iwe pana.

Hatua ya 7: Barabarani

Fupi hii. Moshi wa magari hupungua sana ukishakaa mita 150 au 200 kutoka barabara kubwa. Watu wa baiskeli, na mji wetu ni wa baiskeli, kateni kwa barabara za ndani badala ya kukaa nyuma ya lori kwenye barabara ya Segera mkihema kwa nguvu. Mazoezi fanyia Raskazone alasiri, upepo ukitoka baharini. Dereva wa boda, ukiwa kijiweni unasubiri abiria, zima injini na usikae nyuma ya bomba la mwenzako.

Hatua ya 8: Usinunue kwenye kikapu

Vumbi la Kongo, supu ya pweza, karanga mbichi na vichupa vya mitaani vinaongelea nguvu za tendo. Nguvu na mbegu ni vitu viwili: nimewaona wenye nguvu za kupasua kuni na kikopo hakina hata mbegu moja. Supu ya pweza kunywa kwa utamu wake, simama tu upande wa pili wa jiko.

Hata dawa za famasi msizikimbilie. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, wenye ndoa 2,370, uliwapa wanaume zinki na foliki asidi: watoto waliozaliwa hawakuongezeka, wala mbegu hazikuwa bora zaidi ya wale waliopewa kidonge kitupu. Na sindano ya testosteroni, ile vijana wa jimu wanayoisifia, huzima kiwanda chote cha mbegu. Mtu anayetafuta mtoto asiiguse.

Hatua ya 9: Hesabu siku, kisha rudi

Andika tarehe uliyoanza ukutani au kwenye simu. Usije siku ya 30 ukaniambia hakuna mabadiliko, kwa sababu mbegu za siku ya 30 zilianza kuumbwa kabla hujatoa dawa ya mbu chumbani. Njoo baada ya siku 90, maabara ileile kama unaweza, ukiwa umejizuia siku zilezile kama mara ya kwanza, tupate kulinganisha kwa haki. Katika siku hizo endeleeni kukutana kila baada ya siku mbili au tatu. Huku si kufunga.

Kama kipimo cha mwanzo hakikuonyesha mbegu hata moja, usihesabu siku yoyote. Nenda moja kwa moja kwa daktari wa mfumo wa mkojo na uzazi wa kiume. Anzia hospitali ya Bombo, wakikuandikia rufaa ya KCMC au Muhimbili ipokee. Vivyo hivyo kama siku 90 zimepita na namba hazijasogea.

Fundi wa Makorora alikuja siku ya 94. Ameacha sigara, amepata barakoa, dawa ya mbu ameitoa, na mpangaji mwenzake amehamishia jiko uani baada ya maneno mawili matatu. Milioni kumi na nane, mwendo asilimia thelathini na tatu. Sikumwambia ni moshi, maana alikuwa amebadilisha mambo manne kwa mpigo na mimi sina namna ya kuyatenganisha. Nilimwambia mkewe naye arudi kwa daktari wake akiwa na karatasi hii mkononi.

Kikopo alikitoa kwapani. Kilikuwa cha moto.